Sahani ya bukari: habari za chakula chetu cha kila siku

Kila siku kabla ya kula tunafanya ishara ya msalaba na kusali sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa chakula. Katika seminari zetu sala hiyo husaliwa mara tatu kwa siku, na mara nyingi husaliwa mbio, maana tumbo linaita na sahani zinatoa mvuke. Mtu akituuliza baadaye, "Umemshukuru Mungu kwa kitu gani?", wengi wetu tutajibu: kwa chakula. Jibu hilo ni kweli, lakini ni dogo. Anayepewa zawadi bila kutazama kilichomo, wala kuuliza nani ameileta na kwa jasho gani, ameshukuru kwa midomo tu.

Hapa sitaki kuhubiri juu ya sala ya mezani. Nataka kuhadithia habari za sahani yenyewe, yaani bukari ya muhogo (kwetu Kivu wengine husema bugali), sombe, samaki kidogo, mawese, pilipili na chumvi. Ni chakula cha kila nyumba, kuanzia Kalemie hadi Kindu, na kwa sababu ni cha kila siku hatukioni tena. Tunasema ni chakula cha mababu. Kumbe ukichunguza historia utakuta kwamba babu wa babu zetu, wale walioishi kabla ya mwaka 1500, hawakukijua hata kidogo.

Tuondoe kwenye sahani vyote vilivyotoka mbali, tuone kinachobaki. Muhogo ulitoka Brazili, basi bukari imekwenda, na sombe pia, maana ni majani ya mti uleule. Pilipili ilitoka Amerika. Ukitaka kula maharagi badala ya samaki, haya maharagi tunayoyalima katika milima ya Kivu yalitoka Amerika vilevile. Karanga pia. Ukisema utapika bukari ya mahindi, hayo yalianza kulimwa katika nchi ya Mexico, ijapokuwa jina lake katika Kiswahili linadai kwamba ni ya Uhindi. Watu wa pwani waliona tu kwamba yamekuja kwa merikebu kutoka ng'ambo, wakayapa jina la ng'ambo waliyoijua. Ndizi zilitoka Asia, zamani sana. Kuku naye ni mgeni kutoka huko. Mbele yetu wanabaki samaki wa ziwa na mto, mawese ambayo ni mali ya Afrika tangu mwanzo, chumvi, kunde, na bukari ya mtama au ya ulezi. Na chumvi yenyewe ilitembea: ile ya Uvinza ilivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi kabla Mzungu yeyote hajaliona ziwa, na kule Katanga watu walitoka mbali kutafuta chumvi ya Mwashya.

Tufwate sasa safari ya muhogo, kwa sababu ndio unaolisha watu wengi zaidi katika Kongo.

Wenyeji wa Brazili walikuwa wameulima maelfu ya miaka, upande wa kusini wa msitu wa Amazoni. Wareno walifika Brazili mwaka 1500. Walikuwa wamekwisha kufika kwenye mlango wa mto Kongo, mwaka 1482 au 1483, pamoja na Diogo Cão. Basi bahari ile ikawa njia moja yenye miisho miwili: Brazili upande mmoja, Kongo na Angola upande wa pili. Na sisi sote tunajua merikebu zilibeba nini katika njia ile. Zilibeba watu. Kutoka kwetu walisafirishwa watumwa kwenda kulima miwa. Unga wa muhogo, uliokaushwa vizuri, hauozi haraka; kwa hiyo ulifaa kulisha watumwa chini ya sitaha katika majuma ya safari. Wareno wakauleta, na katika miaka ya 1600 muhogo ulikuwa ukilimwa karibu na Luanda, na mavuno yake yakaliwa na watu waliongoja kuuzwa.

Tusipite haraka hapa. Chakula tunachokishukuru kilianza kazi yake katika Afrika kama posho ya utumwa.

Lakini mmea haujui bwana wake. Mtu alikata kipande cha mti wake, akakichukua kwenda kwao, akakichomeka udongoni, nacho kikaota hata mahali ambapo mtama umekufa kwa ukavu. Hivyo muhogo ukaingia ndani ya nchi bila jeshi, bila amri, kutoka mkono wa jirani kwenda mkono wa jirani. Watu wa himaya ya Lunda waliupokea, wakaupeleka mashariki. Wareno waliofika kwa mfalme Kazembe, katika bonde la Luapula, mwaka 1798, walikuta muhogo ndio chakula cha watu. Hakuna mtu anayeweza kutaja jina la yule aliyeupanda wa kwanza hapo.

Lakini kupanda ni nusu ya kazi. Muhogo mchungu una sumu. Anayeula mbichi, au akiutengeneza vibaya, anaweza kufa. Wenyeji wa Brazili walijifunza kuukuna, kuukamua maji yake na kuuchoma juu ya moto. Huku kwetu akina mama walifwata zaidi njia nyingine: kuuloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike, kuumenya, kuuanika juani, kuutwanga katika kinu, kuchekecha unga. Sombe vilevile hutwangwa sana, kisha huchemshwa muda mrefu, nayo si kwa ajili ya utamu tu: kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoondoa sumu. Hakukuwa na shule ya mambo hayo. Mama alimfundisha binti, binti alimfundisha mkwe wake, na kosa lilijulikana kwa ugonjwa au kwa kaburi.

Mwaka 1938 daktari mmoja Mwitalia, Trolli, aliandika juu ya ugonjwa wa huko Kwango. Watu wazima na watoto walipooza miguu kwa ghafula, wasitembee tena sawasawa maisha yao yote. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Baadaye waganga walitambua kwamba unawapata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, na ambao hawana kitoweo cha kuusaidia mwili. Na kwa nini haukulowekwa vya kutosha? Kwa sababu ya ukame, kwa sababu ya vita, kwa sababu ya njaa inayomlazimisha mama kutoa muhogo majini siku moja badala ya tatu, au kwa sababu wachuuzi wanangoja na lori. Basi siku mbili za subira ya mama zinaweza kuwa tofauti kati ya mtoto anayekimbia na mtoto anayetambaa. Mimi ninaona kwamba siku hizo mbili zinastahili kuingia katika sala ya mezani.

Sasa twende Maniema, maana huko imetokea habari ambayo kila mseminari wa mashariki ya Kongo inampasa kuijua.

Nyangwe iko kando ya mto Lualaba. Mwaka 1871, kuanzia mwezi wa tatu hadi mwezi wa saba, alikaa hapo Mskoti David Livingstone. Hakuwa mkatoliki, lakini alikuwa mtu aliyeogopa Mungu na aliyependa kutazama watu wakiishi. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mmea. Aliandika sana juu ya soko la Nyangwe. Soko lile lilikuwa la wanawake. Walikuja mamia kwa mamia, wengine kwa miguu, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, na vikapu mgongoni: muhogo, samaki, mawese, chumvi, pilipili, kuku, vyungu. Yaani tazameni vizuri: ni sahani yetu ileile. Mvuvi wa kike wa ng'ambo alitafuta muhogo, mkulima wa bara alitafuta samaki. Walibishana bei, walicheka, walisifu mali zao.

Tarehe 15 ya mwezi wa saba watu kama 1500 walikuwa sokoni. Watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe waliingia na bunduki. Mmoja akaanza kubishana juu ya bei ya kuku. Kisha wakapiga risasi katikati ya wanawake. Wengine wa kundi lao, waliokuwa karibu na mitumbwi, wakapiga nao. Watu wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikazibana ufukoni, ikashindwa kutoka. Wakajitupa majini, na mto ukawachukua. Waarabu wenyewe walihesabu kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Nia ilikuwa kuwatisha watu ili nchi ijue nani ni mkubwa. Ng'ambo ya mto vijiji viliwaka moto siku ileile.

Livingstone hakuweza kukaa tena. Aliondoka baada ya siku chache kurudi Ujiji, na huko Stanley alimkuta mwaka uleule. Barua zake juu ya Nyangwe zilifika Ulaya mwaka 1872 na kuwashtua watu; mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Baadaye, mwaka 1888, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri vita juu ya utumwa, na Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amemtuma kazi hiyo. Wakati huo wanawe walikuwa wamekwisha kufika kwenye Ziwa Tanganyika: Kibanga mwaka 1883, Mpala mwaka 1885. Walikomboa watoto wa watumwa, wakawalea na kuwafundisha. Mwaka 1917, tarehe 21 ya mwezi wa saba, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Monsinyori Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo yetu tangu mwanzo wa misioni hizi mpya. Habari hizi mnazijua, zimeandikwa mara nyingi, nazo zinastahili. Lakini kuna habari nyingine, ndogo kwa macho ya vitabu, ambayo haihubiriwi.

Mwaka 1874 msafiri Cameron alifika Nyangwe. Alikuta soko. Mwaka 1876 Stanley akafika, naye akakuta soko, akaandika orodha ndefu ya vitu vilivyouzwa: viazi, mahindi, maharagi, muhogo, karanga, ndizi, mbuzi na vingine vingi. Yaani wanawake walikuwa wamerudi. Miaka mitatu tu baada ya mto kujaa maiti za mama na dada zao, waliweka tena vikapu mgongoni, wakashuka kwenye ufuko uleule. Wafanyabiashara wenye bunduki walikuwa bado hapo. Hawa mama walikuwa na hofu, bila shaka. Lakini mtoto haachi kula kwa sababu mama ana hofu. Nikisoma habari hiyo ninaelewa kwamba sahani ya bukari haikufika kwetu kwa njia ya merikebu peke yake. Ilifika kwa sababu watu kama hawa hawakuacha.

Hapa mseminari mwenye akili atauliza swali, tena swali gumu. Nitashukuru namna gani kwa kitu kilichokuja kwa njia ya dhambi? Muhogo ulikuja pamoja na utumwa. Mpunga wa Maniema uliletwa na wafanyabiashara walewale waliochoma vijiji. Wakati wa ukoloni, tangu amri ya mwaka 1917, watu wa vijiji walilazimishwa kulima pamba, mpunga, muhogo, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita, ikawa siku 120. Wazee wengi walipigwa fimbo kwa sababu ya shamba. Na Kiswahili hiki ninachokiandika, lugha ya katekisimu yetu na ya nyimbo zetu, kilifika kwetu katika midomo ya misafara ileile. Tukikataa kila kitu kilichopita katika mikono michafu, tutakaa bila chakula na bila maneno.

Wengine hujibu upesi: "Ndiyo mapenzi ya Mungu." Jibu hilo silipendi. Linamwekea Mungu bunduki mkononi. Afadhali tumsikilize Yusufu mwana wa Yakobo. Ndugu zake walimwuza, akapelekwa Misri mtumwa. Baadaye njaa ikawaleta mbele yake, naye ndiye aliyekuwa na funguo za ghala. Katika sura ya mwisho ya kitabu cha Mwanzo hawaambii kwamba kuuzwa kwake hakukuwa kitu. Anasema wazi kwamba wao walikusudia mabaya. Mungu ndiye aliyeyageuza kuwa mema, ili watu wengi waishi. Hapo kuna makusudi mawili, na Yusufu hayachanganyi. Mtakatifu Agostino naye alifundisha kwamba Mungu aliona ni bora kutoa mema katika mabaya kuliko kutoruhusu mabaya yawepo kabisa. Hakusema mabaya yamekuwa mema. Basi mkristu wa Kongo anaweza kushukuru kwa muhogo bila kushukuru kwa merikebu. Anaweza kumshukuru Mungu kwa Kiswahili na kuwalilia watu wa Nyangwe katika Kiswahili hichohicho. Shukrani ya namna hii ina machozi ndani yake, na mimi ninafikiri ndiyo ya kweli zaidi, maana haijisahaulishi kitu.

Na kuna jambo lingine la kujua, la siku za karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba ya muhogo yalianza kukauka. Mdudu mdogo mweupe kama unga, ambaye hakujulikana Afrika, alionekana Kinshasa na ng'ambo ya mto huko Brazzaville mwaka 1973. Alikunja majani, akamaliza sombe, akadhoofisha mizizi. Mahali pengine mavuno yalipotea hadi asilimia 80. Alikuwa ametoka Amerika ya Kusini kama muhogo wenyewe, lakini adui zake wa huko hawakumfwata. Wataalamu wakatafuta huko alikotoka. Mwaka 1981 walipata Paraguay nyigu mdogo, hapiti ukubwa wa punje ya ulezi, anayetaga yai ndani ya mdudu huyo na kumwua. Wakamleta Ibadan, katika Nigeria, chini ya uongozi wa Mswisi Hans Herren, wakamzalisha na kumwachia katika nchi nyingi. Mashamba yakapona. Herren alipewa tuzo kubwa ya chakula ya dunia mwaka 1995. Mkulima hakulipa kitu. Wengi wanaokula bukari leo wangekuwa na njaa, au wasingezaliwa, bila nyigu ambaye hawajamwona na hawatamwona kamwe.

Katika Injili wakoma kumi waliponywa, mmoja alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Mara nyingi tunahubiri juu ya wale tisa na ubaya wa moyo wao. Mimi sidhani walikuwa wabaya. Labda walikimbilia nyumbani kula pamoja na watoto wao, wakaona kwamba afya ni kitu cha kawaida, haki ya kila mtu. Mgeni hakuwa na kawaida hiyo, na kwa hiyo aliona.

Sisi tulio karibu na altare tuna msaada mkubwa. Neno lenyewe Ekaristia, katika Kigiriki, maana yake ni shukrani. Sala ya kutolea mkate, katika Misale iliyotoka mwaka 1970, inataja ardhi na inataja kazi ya watu: haisemi mkate umeanguka kutoka mbinguni. Na katika Misale ya majimbo yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mwanzoni mwa Misa, baada ya Bikira Maria na watakatifu, tunawaita mababu wenye moyo mnyofu wakae pamoja nasi. Watu hufikiri hapo juu ya wazee wa ukoo, machifu, wanaume wenye majina. Hakuna kinachomkataza padri kufikiri pia juu ya yule bibi wa kwanza aliyengoja siku ya tatu kabla ya kutoa muhogo majini, na juu ya wale waliorudi sokoni Nyangwe.

Kwa katekista nitaongeza neno moja la kazi. Katika vijiji vingi aina za muhogo zina majina, na mara nyingi jina ni la mtu aliyeleta mti wa kwanza, au la mahali ulikotoka, au la njaa ya mwaka fulani. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua. Ukienda kufundisha katika kituo chako, uwaulize akina mama: muhogo huu unaitwaje, nani aliuleta, mnauloweka siku ngapi, na nani aliwafundisha. Uandike jinsi wanavyosema, katika lugha yao, kisha ulitumie gazeti hili. Tutayachapa.